Bei ya Kisu cha Siagi

Saa tano usiku, Kärdla, theluji inagusa dirisha
kama mtu aliyesahau alilokuja kusema.
Baba amelala. Namtengenezea ukurasa
wa visu vyake vya siagi, vya mti wa mreteni,
maana posta siku hizi inafika mbali kuliko soko la Jumamosi.

Kila kitu ni kisanduku. Hilo ndilo la kwanza kujua.
Picha ni kisanduku, neno ni kisanduku,
hata uwazi kati yao una kuta zake.
Ukiviacha hupanga foleni vyenyewe,
kimoja chini ya kingine, kwa adabu,
kama watu wa kisiwa hiki kwenye duka la dawa:
hakuna anayesukuma, hakuna anayesalimu.

Nilitaka bei ikae kwenye kona ya picha,
juu, kulia, kama stempu kwenye bahasha.
Nikaiandikia katika laha ya mitindo:
toka kwenye foleni; juu, sifuri; kulia, sifuri.
Bei ikapaa.
Ikaipita picha, ikayapita maelezo,
ikaenda kutua kileleni, begani kwa jina la baba:
Heldur Pihlamägi, yuro kumi na nne.

Nilicheka peke yangu, kisha nikaacha kucheka.

Kwa sababu kanuni ni hii: kilichotolewa kwenye foleni
humtafuta mzazi wa kujipimia.
Hupanda ngazi, hubisha mlango kwa mlango,
wewe umewekwa? na wewe, umewekwa?
Wote wakinyamaza
hujipima kwa ukingo wa dunia.
Na kule kilikotoka wenzake husogeleana,
pengo huzibwa kabla hujapepesa jicho.

Kaur aliondoka Septemba.
Anachomelea mabomba Perth, chini kabisa ya ramani;
sasa hivi kwao ni alfajiri, anafunga viatu vya kazi.
Nilidhani ameondoka namna hiyo,
kwamba sisi tuliobaki tumeshasogeleana
na foleni imefunga.

Lakini ipo namna nyingine ya kuondoka.
Unakisogeza kisanduku pikseli mia, elfu, elfu kumi,
kinaonekana kwingine kabisa, hata nje ya skrini,
na mahali pake panabaki palepale,
upana uleule, kimo kilekile.
Jirani hasogei wala haulizi.
Nilipojifunza haya niliona ni kasoro,
nafasi inayoliwa bure.

Nikaenda jikoni kunywa maji.
Kiti cha Kaur.
Hakuna aliyewahi kukiwekea magazeti.
Hata paka, asiyemheshimu mtu, hulala kando yake.
Jumapili tuko watatu;
baba huweka visu vinne mezani,
husimama kidogo,
hurudisha kimoja kwenye droo.

Nikarudi kwenye msimbo. Dawa yake ilikuwa mstari mmoja,
tena haukuwa wa bei, ulikuwa wa picha:
wewe ndiye mzazi. Usisogee popote,
si juu, si chini, hata unywele.
Ila hesabika kuwa upo.
Bei ikashuka, ikatulia konani
kama haijawahi kupotea,
na jina la baba likapumua.

Nikamtumia Kaur kiungo.
Akajibu kabla hajamaliza kahawa:
Kwenye simu yangu bei imefunika mpini.
Na kumi na nne ni hasara, mwambie mzee.
Kisha, baada ya dakika nzima:
kile chenye fundo jeusi, usikiuze.

Theluji ilikuwa imepanda hadi nusu ya kioo.
Nikavuta kiti, si kile,
nikaifungua laha upya.